Maneno ya Dola 220

Nikasonya. Si ule msonyo mfupi wa mtu aliyekanyaga tope. Ni ule mrefu, unaoanzia jino la mwisho, na ukifika mwisho wake watu wote wa ligala wameshakugeukia. Mpwa wangu alikuwa ameitaja bei ya mtihani.

"Dola ngapi?"

"Mia mbili na ishirini, mjomba."

"Kwa kuulizwa maneno ya Kiingereza."

"Na hesabu. Na insha moja."

"Hayo maneno ni ya nani hata yauzwe bei hiyo?"

Mama wa kahawa alicheka hadi birika likamtikisika mkononi. Na dola yenyewe, kila mtu pale anajua, ya benki na ya mtaani hazijawahi kulingana. Kwa hiyo 220 ya kijana ukiigeuza faranga inategemea unaigeuzia wapi, na jibu lolote utakalopata litakufanya ukae chini.

Ligala, kwa mgeni, ndicho kijiwe kwa lugha ya Bujumbura. Letu liko karibu na lango la bandari, mahali mafuso yanapopanga foleni kusubiri karatasi. Wanakaa hapo makuli ambao boti yao haijafika, mawakala wawili wa forodha wenye mashati ya pasi na viatu vya vumbi la saruji, mzee mmoja aliyezeekea kwenye winchi, na mimi, niliyemaliza miaka yangu bohari nikihesabu mifuko: ya Mpulungu upande huu, ya Kigoma upande ule. Tunaongea Kiswahili cha mtaa wetu wa Buyenzi, tunaapa kwa Kirundi, fomu tunajaza kwa Kifaransa. Kiingereza kiliongezwa kwenye lugha rasmi za nchi mwaka 2014, miaka 7 baada ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini pale ligalani bado hakijapewa kiti. Kinasimama.

Kijana amesomea takwimu Chuo Kikuu cha Burundi. Anafundisha tuisheni watoto wa mtaa wa Rohero, na deni lake la kahawa liko kwenye daftari la mama tangu Ramadhani. Anataka shahada ya pili nje, na huko nje kuna lango lenye herufi tatu, GRE, kama vile lango letu lilivyo na herufi tatu za watu wa kodi, OBR. Fuso halitoki bila karatasi ya hawa, kichwa hakiingii bila karatasi ya wale. Mtihani ulianza mwaka 1936, vyuo vinne vya Marekani, Harvard, Yale, Princeton na Columbia, vilipotaka chekecheke moja la kuwachekechea wanafunzi wao. Siku hizi unaendeshwa na shirika liitwalo ETS. Tangu Septemba 2023 wameupunguza, unachukua saa 1 na dakika 58. Sehemu ya maneno ina maswali 27 kwa dakika 41.

"Dakika moja na nusu kila swali," akasema wakala mdogo, ambaye hesabu ya muda ndiyo kazi yake, maana kontena likilala bandarini linakula pesa.

Mimi nikataka kuona mzigo wenyewe. Kijana akatoa kitabu kwenye mfuko wa rambo: nakala ya nakala, kurasa zimekolea wino upande mmoja, upande wa pili zimefifia. Ni ile orodha mashuhuri ya Barron's, maneno 3,500. Anameza 20 kwa siku. Nikapiga hesabu: siku 175, miezi 6 kasoro, kama hakuna siku ya homa wala ya msiba.

"Haya, tupe ya leo."

Akafumba macho. "Loquacious, msemaji. Garrulous, msemaji. Voluble, msemaji. Verbose, msemaji."

Mzee wa winchi akatema kijiti cha meno. "Hawa Waingereza wana wasemaji wangapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona ubaya wa kazi yake. Karani wa bohari akikuandikia mifuko minne yenye alama nne tofauti, wewe ukaiingiza yote kwenye mstari mmoja, jioni hesabu haifungi. Nikambana. Akafungua simu yake yenye ufa, akasoma taratibu, na kumbe tofauti zipo. Wa kwanza ni mtu apendaye kuongea tu. Wa pili anaropoka mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Wa tatu maneno yanamtiririka bila kukwama. Wa nne anatumia maneno kumi palipotosha mawili. Ndani ya dakika tano ligala lote lilikuwa limegawiwa. Wakala mkubwa ni wa kwanza. Kuli mmoja, ambaye simtaji kwa sababu ana mabega, ni wa pili. Mama wa kahawa siku ya kudai ni wa tatu. Wa nne tukakubaliana si mtu, ni barua ya wakili. Kulikuwa na neno jingine ukurasa huohuo, taciturn, mtu asiyependa kusema. Tukatazamana. Halikupata mwenyewe.

Basi akili yangu ya bohari ikaniambia nitazame mwanzo wa kitabu, kwa sababu mzigo bila tarehe si mzigo. Mle ndani kuna mazoezi ya kinyume cha neno, na mengine ya aina ya "kuli kwa gunia ni kama nani kwa nini". Kijana akakiri kwa sauti ndogo kwamba mazoezi hayo yaliondolewa kwenye mtihani Agosti 2011.

Nikasonya tena, msonyo wa pili na wa haki zaidi. Mtoto wa dada yangu amejipanga kwenye gati ambalo meli yake iliacha kuja kabla hajaota ndevu! Siku hizi, akatueleza, unapewa sentensi yenye tundu, au matundu mawili, au matatu, uyazibe kwa maneno yanayofaa. Ukipata mawili kati ya matatu huna kitu, hakuna nusu alama. Kuna na maswali mengine ya sentensi moja na maneno sita chini yake, uchague mawili yatakayoiacha sentensi na maana ileile. Hapo pia, mawili au bure. Makuli walielewa upesi kuliko mimi. Kamba tatu zinafunga shehena. Moja ikilegea, mbili zilizokaza hazikusaidii.

Kwa hiyo hawakuulizi neno linaitwaje. Wanakuuliza linafanya kazi gani, likiwa katikati ya wenzake. Aliyelijua kwa kulihesabu tu atalitazama kama mimi ninavyoitazama mashine ya meli: nimepita karibu nayo miaka yote, na sijui pa kushika.

Wakala mkubwa, yule wa loquacious, akakichukua kitabu. Huyu alisomeshwa na mapadri, Kifaransa chake kina mikunjo ya pasi kama shati lake. Akaanza kupekua, kwanza kwa dharau, kisha akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Pusillanimous. Hili si pusillanime, mwoga? Laconic, laconique. Ephemeral, éphémère. Obsequious, obséquieux. Hata hili la kwangu mlilonipa, loquace!" Akakipiga kitabu kofi. "Bwana mdogo, hiki ni Kifaransa kimevaa suti ya watu!"

Na kweli. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa karne kadhaa mabwana na mahakama za kule ziliongea Kifaransa, huku mkulima akibaki na Kiingereza chake cha ng'ombe na jembe. Baadaye wasomi wakaongeza Kilatini juu yake. Ndiyo maana maneno yanayomtoa jasho kijana wa Chicago ni yale ya ghorofani, na ya ghorofani mengi ni Kifaransa na Kilatini. Mtoto wa Bujumbura anayapanda kwa ngazi ya nyuma. Tumekuwa tukimhurumia kijana wetu kwamba anaanza na lugha ya nne, kumbe nusu ya mzigo alishaubeba darasani akichapwa.

"Mbelgiji alituchapa kwa ajili ya lugha hii," akasema mzee wa winchi. "Acha safari hii itulipe riba."

(Na sisi tusijione safi. Bandari na nahodha tulipewa na Waajemi, shehena na Waarabu, meza tumeikalia tangu Wareno, na hiyo shule tunayojivunia ni neno la Mjerumani. Angetokea mtu akatutungia mtihani wa Kiswahili kigumu, angeujaza Kiarabu, nasi wa Buyenzi tungeona raha kuliko wa milimani.)

Lakini mimi sikufurahi haraka. Bohari imenifunza. Niliwahi kupokea mifuko yenye chapa ya sukari, imeshonwa vizuri, uzito wake ndio. Mmoja ukapasuka, ikamwagika chokaa. Nikamwambia kijana atafute maneno yenye chapa ya Kifaransa na kitu kingine ndani. Akayapata, tena mengi, na alikuwa ameshayameza vibaya. Fastidious alikuwa ameliandikia "kinachochosha", kama fastidieux ya mwalimu wake. Kumbe kwa Kiingereza ni mtu mchaguzi, asiyeridhika mpaka kila kitu kikae sawa. Versatile, kwa Kifaransa ni kigeugeu, tusi. Kwa Kiingereza ni fundi wa kazi nyingi, sifa. Enervate si kuudhi, ni kummaliza mtu nguvu. Na officious, ambalo wakala alilitafsiri kwa kujiamini kwamba ni "isiyo rasmi", kumbe ni mtu wa kiherehere, anayekusaidia usipomwomba na kukuelekeza njia ya kwenu.

"Hilo nipeni mimi," akasema mama wa kahawa, "nina shemeji anafaa."

Magendo hupita palepale panapopita mzigo halali, ndiyo maana hayashikwi. Nikamwagiza ayaandike hayo kwenye ukurasa wake peke yake, kwa kalamu nyekundu.

Sasa nije kwenye siku iliyomtoa mzee wa winchi kwenye kijiti chake. Ilikuwa asubuhi ya upepo, ziwa limechafuka, boti ya saruji imeonekana mbali ikaachwa huko isikaribie. Kijana akasoma: "Jettison. Kutupa."

"Kutupa wapi?"

"Kutupa tu, babu."

"Kitabu kinadanganya. Soma kwenye simu."

Akasoma: kutupa shehena majini ili chombo kiwe chepesi kiokoke.

"Hiyo ni kutosa!" Mzee akasimama. Watu hawajui, anayetosa mzigo hatupi takataka, anatupa mali. Unachagua. Unatosa kizito kilicho juu kabla ya chepesi kilicho chini, na unatosa ukilia, kwa sababu kuna mwenyewe. Kisha mkifika salama, wale ambao mali zao zimebaki wanachangia hasara ya yule ambaye yake imeliwa na maji. Hiyo ni sheria ya vyombo ya zamani kuliko serikali zote. Alipomaliza, kijana alikuwa ameacha kuandika. Neno limemwingia. Na akatuambia kwamba siku hizi wanalitumia hata kwa mpango au imani: mtu anaitosa nadharia yake ili hoja iliyobaki ifike pwani.

"Endelea. Kuna mengine ya maji?"

Yako, tena si machache. Aloof, mtu anayejitenga, baridi, hachangamani. Asili yake ni amri ya manahodha: elekeza pua ya chombo kwenye upepo, kaa mbali na nchi kavu. Mzee akaonyesha kidevu kule ilikokuwa boti ya saruji, inanesanesa, haiji haiendi. "Ile pale. Aloof."

Kisha likaja founder. Kijana analijua tangu shule: mwanzilishi. Lakini likiwa kitendo, ni chombo kujaa maji na kwenda chini. Hata biashara au ndoa inaweza kuzama hivyo. Akasema yote mawili yanatokana na neno moja la Kilatini lenye maana ya chini, kitako. Mmoja anaweka msingi chini, mwingine anakwenda chini mwenyewe. Watoto wa mama mmoja.

"Kama Liemba," akasema kuli mmoja.

Mzee akamkata. Liemba haikuzama, ilizamishwa. Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaiunga Kigoma, wakaishusha majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata vita vilipowazidi wakazipaka mashine zake grisi nzito na kuizamisha kwa mikono yao wasije wakaiacha kwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini ikaitwa Liemba. Mzee aliiona kwa macho yake ikifunga hapa Bujumbura. "Mtu aliyepaka mashine grisi alikuwa na nia ya kurudi. Hiyo si founder. Tafuta neno jingine."

Kijana akapekua. Neno lipo: scuttle, kuzamisha chombo chako mwenyewe kwa makusudi, na siku hizi husemwa pia kwa mtu anayevunja mapatano. Halikuwemo kwenye 20 ya siku hiyo. Akaliandika ukingoni. Namjua yule mtoto, hatalisahau mpaka azeeke, ingawa sina hakika hata kidogo kama litatokea kwenye mtihani wake. Hiyo ndiyo shida ya mtihani huu, na ndipo ninapogombana nao. Kijana wa takwimu, anayetaka kupima namna ziwa linavyopanda, ziwa lililoingia Gatumba na kugusa bandari hii mwaka 2021 na tena 2024, anapimwa kama anajua mtu aropokaye na mtu atiririkaye. Idara nyingi za Marekani zenyewe zimeanza kulikubali jambo hili, zimeacha kuudai. Lakini si zote. Kwa hiyo mnyonge anausoma wote, asije akakuta mlango wake ndio ule uliobaki na kufuli.

Kuhusu kukariri, mwalimu wake alikuwa palepale na hakumwona. Mama wa kahawa ana daftari la madeni. Kila asubuhi analifungua. Anayelipa vizuri hamsemeshi mpaka wiki iishe, au mbili. Anayesuasua anamkumbusha kila siku tatu. Sugu anamwita kila siku kwa jina, mbele za watu. Kijana alikuwa akinieleza kwa majivuno juu ya visanduku vya kadi alivyovisikia kwa rafiki yake, njia aliyoiandika mtu aitwaye Sebastian Leitner mwaka 1972: neno ulilolijua linahamia sanduku la mbele, unaliona kwa nadra, ulilokosa linarudi sanduku la kwanza, unakutana nalo kesho. Nikamtazama, nikamtazama mama, nikamtazama tena. "Na wewe," nikamuuliza, "uko sanduku la ngapi?"

Shida nyingine ni pa kuufanyia mtihani. Tangu 2020 wanaruhusu uufanye nyumbani, kwa kompyuta, msimamizi akikuangalia kwa kamera kutoka huko aliko. Sharti uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, meza tupu, hakuna spika za masikioni, hakuna karatasi ya kawaida. Unaruhusiwa kibao cha kufutika. Asiingie mtu. Na umeme usikatike.

"Chumba cha peke yako, Buyenzi?" akauliza mama. "Saa mbili? Hicho nacho ni dola 220 nyingine."

Tulipiga ramani ya nyumba nzima ya dada. Watoto wapelekwe kwa bibi. Jogoo achinjwe, au akopeshwe jirani. Mwadhini hatumwezi, kwa hiyo saa ichaguliwe kati ya adhuhuri na alasiri. Wakala mdogo akajitolea ofisi yao siku ya Jumapili, ina betri na mlango unaofungika. Ligala likapumua.

Ndipo mtu akaleta habari ya mlango mkubwa zaidi. Juni 2025 Marekani iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi 7 zilizosimamishiwa baadhi ya visa, za wanafunzi zikiwemo. Kimya kilichopita hapo hakikuwa na mzaha. Sikusonya, kuna mambo ukiyasonya unayapunguza. Kijana alikuwa anajua tangu siku ile ilipotangazwa. Akasema alama zikitoka zinaishi miaka 5, na milango ya namna hiyo hufungwa kwa saini na kufunguliwa kwa saini. Tena Kanada na Ulaya zipo idara zinazouangalia mtihani huohuo. Akarudi kwenye kitabu. Mwenye umri wake ana haki ya kusema hivyo. Mwenye umri wangu alishaona karatasi nyingi zikilala langoni mpaka mzigo ukaoza.

Upepo ukatulia karibu na adhuhuri. Boti ya saruji ikaacha uarufu wake, ikageuza pua kuja kwetu. Nanyi msicheke, ndivyo makuli walivyolitamka lile neno aloof, na wamelishika. Kijana akainua kidole, ana neno la mwisho.

"Opportune. Linalokuja wakati wake. Asili yake ni upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Bandari kwa Kilatini ni portus."

"Kumbe fursa ni mtoto wa bandari," akasema mzee, na akanyoosha mgongo kama aliyelipwa malimbikizo.

"Na lina mwenzake. Importunate. Msumbufu, mtu anayeomba au kudai bila kuchoka, hakuachi upumue. Asili yake ni mahali pasipo na bandari, pasipo pa kutia nanga."

Makuli walikuwa wameshainuka, wanafunga vitambaa vya kichwa. Mama wa kahawa alikusanya vikombe, akasuuza, akafuta mikono kwenye kitenge, akalitoa daftari kifuani.

"Rudia hilo la pili."

"Importunate, mama."

"Im-po-chu-neti." Akalamba kidole, akafungua ukurasa wake. "Basi ndiye huyu. Vikombe kumi na vinne tangu Ramadhani."